Bomu Halisahau Mwendo wa Ndege

Jumamosi, 16 Agosti 2008. Asubuhi baridi, ukungu umefunika mlima Menengai. Mchana jua kidogo, halafu mvua ya mawe madogo madogo ikapita kuelekea ziwani. Nguo bado ni mbichi kwa kamba.

Leo naandika juu ya Mwalimu. Kesho binti yake anakuja kumchukua ampeleke kwake Kabazi, na mimi najijua: mtu akishaondoka naanza kumpaka rangi asizokuwa nazo. Afadhali nimwandike akiwa bado ng'ambo ya ua, nikimsikia akikohoa. Sijui kama nitaweza. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mengi aliyonieleza niliyashika mkia tu. Mahali nitakapokosea, kosa ni langu, si lake.

Hapa Free Area, mtaa wetu wa Nakuru, hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu tu. Alifundisha sayansi shule za sekondari mpaka akastaafu, lakini chaki haikustaafu. Huwa na kipande mfukoni mwa sweta lake la kijani, na akishikwa na wazo anachora mahali popote alipo: kwa geti, kwa sakafu ya varanda yangu ninaposhonea nguo, na siku moja kwa mgongo wa koti jeusi la mteja nililokuwa nimelitundika. Nilimkasirikia. Alilifuta kwa mkono, lakini kwanza alimaliza kueleza.

Wazee wengine wakistaafu wanafuga kuku au wanaingia baraza la kanisa. Mwalimu alienda mjini kwa Bhai, yule Singasinga mwenye duka la kompyuta, akarudi na mashine ya mitumba, fimbo ya kurushia ndege, na diski ya gemu ya ndege za vita. Hiyo ilikuwa mwanzo wa mwaka jana. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lazima niandike hivyo.

Siku ya kwanza aliniita nione. Nilitarajia makelele, lakini spika ilikuwa imekufa na hakutaka nyingine. Ndege ilipita kimya juu ya milima, ikaachilia kitu cheusi, na kile kitu hakikuanguka chini yake. Kilienda nayo, sambamba kabisa, kama ndama anayemfuata mama yake, kikizidi kushuka.

"Umeona?" akasema. "Gemu zingine bomu linaanguka wima kama avokado. Huo ni uongo! Bomu halisahau mwendo wa ndege. Aliyelibeba alikuwa anakimbia, nalo litaendelea kukimbia."

"Mpaka lini, Mwalimu?"

"Mpaka kitu kilizuie. Hewa, ama ardhi."

Kwenye ile gemu kulikuwa na ukurasa wa kuchagua urahisi au ugumu. Alichagua ugumu wote. Upepo usukume bomu. Hewa ilipunguze kasi. Ukiliachilia ukiwa chini sana lisilipuke, kwa sababu kiwashio chake hakijapata muda wa kuamka. Likigonga kwa mshazari liruke kama jiwe juu ya maji. Kulikuwa na alama ya kukuonyesha bomu litaangukia wapi, akaizima. "Mimi sitaki kubebwa," alisema.

Alikuwa na lengo moja tu. Kulikuwa na daraja la chuma, refu, limevuka maji, na karibu nalo mnara mweupe. Alitaka kulipiga kwa bomu moja, kutoka juu, kwa hesabu yake mwenyewe. Nilidhani ni mchezo wa mzee. Halafu siku moja akaja kwa ua akishika kichupa cha dawa ya macho, akaniambia kile daktari alichomwambia: ni presha ya macho, na kile kilichopotea hakirudi.

"Mama Nekesa, nataka kulipiga nikiwa bado naliona."

Tangu siku hiyo sikucheka tena. Nikisikia kiti chake kikisukumwa asubuhi, nilijua ameenda kwa daraja lake. Akitoka nilimtazama uso, na uso ulikuwa unasema: limepita juu tena.

Kila mara bomu lilipita juu. Halikuwahi kuanguka kabla ya daraja. Lilivuka daraja likaenda kufukua shamba la mtu huko mbele.

Sasa niandike habari ya viazi, maana inaonyesha alivyo.

Mume wangu, Baba Nekesa, hakukubali ile habari ya ndama na mama. "Kitu ukikiachilia kinaanguka chini," alisema. "Hata mtoto anajua. Mwalimu, hii gemu imekuroga."

Mwalimu alitoa chaki. Alichora msalaba wa chaki katikati ya barabara yetu, pale inaposhuka kuelekea kwa mama mboga. Akaita mwenye boda boda ya baiskeli, akamweka Baba Nekesa nyuma, mkononi kiazi.

"Mteremke kwa nguvu. Ukifika juu ya msalaba, achilia. Usirushe. Achilia tu."

"Nikigonga msalaba?"

"Nitakufulia nguo mwezi mzima."

Watu walikuwa wameshajaa. Baiskeli iliteremka, Baba Nekesa amenyoosha mkono kama askofu anayebariki, akaachilia juu ya msalaba kabisa, nilishuhudia. Kiazi kiliondoka naye, kikagonga lami huko mbele, kikaruka, kikaingia kwa beseni la sukuma wiki la mama mboga.

"Ni nani huyo ananipiga?" mama mboga akapiga kelele.

"Ni sayansi, mama!" Mwalimu akamjibu, akirukaruka kwa miguu yake myembamba.

Walirudia mpaka viazi vikaisha. Mara ya mwisho Baba Nekesa aliachilia mapema, mbali kabla ya msalaba, na kiazi kikaanguka juu ya chaki chwaa! Watu walimbeba juu juu. Kwa haki niandike kwamba Baba Nekesa anasema alishaelewa toka kiazi cha pili, na vile vingine alikuwa anamfurahisha mzee. Mimi sikuwa ndani ya kichwa chake. Viazi vilivyopondeka tulivipika.

Mwalimu hakuwa mtu rahisi, na nisiandike kana kwamba alikuwa. Kanisani pasta alipohubiri juu ya mana kushuka kutoka mbinguni, aliinua mkono. Akauliza kama ilishuka taratibu kama manyoya au kwa kasi ya mvua ya mawe, maana hiyo kasi ya pili ingetoboa mahema. Pasta akasema Mungu anajua kipimo. "Hilo ni jibu zuri," Mwalimu akasema, akaketi. Alimaanisha. Lakini wazee walinuna, na siwezi kuwalaumu.

Tena alikuwa mgumu wa kukubali kosa. Alipoona bomu linapita daraja kila siku, alianza kusema gemu ndiyo yenye makosa. Waliotengeneza wamesahau hewa, alisema. Bomu lao halizuiwi na upepo wowote, linateleza tu. Alienda hadi dukani kwa Bhai kumweleza, mbele ya wateja.

"Hao watu ni matapeli," alisema. "Wanauza fizikia bandia."

Bhai amezaliwa hapa Nakuru, baba yake pia, na Kiswahili chake ni kama chetu. Alikunja mikono juu ya tumbo. "Mwalimu, gemu iko sawa. Labda wewe ndiye unachelewa."

"Mimi? Sijawahi kuchelewa darasani hata siku moja!"

"Basi daraja ndiyo inawahi."

Walikuwa wanapendana hawa wawili, lakini kwa njia ya kutukanana. Bhai alikuwa akimwita "Rubani." Mwalimu alikuwa akimwita "Wakili wa matapeli."

Kitu kingine ambacho sijawahi kukielewa. Mtu huyu aliyependa mabomu hakuweza kuchinja kuku. Kuku wake mmoja alikufa kwa uzee, akamzika nyuma ya nyumba. Na kwenye ile gemu, barabara iliyokuwa juu ya daraja ilikuwa na malori madogo yanayopita. Mwalimu akiona lori liko juu ya daraja, anageuza ndege, anazunguka upya mbali, hata kama kila kitu kilikuwa tayari.

"Lakini hakuna mtu ndani, Mwalimu. Ni kompyuta."

"Najua."

"Sasa mbona?"

"Mkono ukizoea, hauulizi tena kama ni kompyuta." Akageuza ndege.

Nilikumbuka maneno hayo Januari, wakati wa ghasia za uchaguzi. Sitaandika mengi juu ya Januari, kila mtu wa Nakuru anayo ya kwake, na mimi niliona kipande kidogo tu. Familia kadhaa zililala kwa uwanja wa Mwalimu, watu wa huku na watu wa kule, na yeye aliketi kwa geti na sweta lake la kijani akiuliza kila kijana wa ghasia anayepita alisoma shule gani. Wengi aliwafundisha. Hao waliona haya wakapita. Ile kompyuta aliichomoa akaifunika kwa shuka. "Si wakati," alisema tu. Ilikaa hivyo mpaka mvua za Machi. Alipoifunua, kwa wiki nyingi hakuachilia bomu. Alikuwa anapaa, anazunguka, anatua. Watoto wa wale waliolala kwake walikuwa wanakuja kumwona akitua, wanapiga makofi.

Aliporudi kwa daraja lake, tuliona sote kwamba macho yameshuka sana. Alikuwa ameweka pua karibu na skrini kama mtu anayenusa mchuzi. Na bomu bado lilipita juu.

Kosa lenyewe liligunduliwa mwezi wa Juni, na naliandika kwa furaha kwa sababu yeye mwenyewe amelisimulia kwa kila mtu, hata kwa kondakta.

Bhai alikuja kubadilisha feni ya kompyuta. Akamaliza, akasimama nyuma ya kiti kutazama. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai cha Mwalimu. Ndege ilikuwa inakaribia.

"Eleza hesabu yako, Rubani," Bhai akasema.

"Saa ya urefu, inayopima kutoka usawa wa bahari, inasema futi elfu nane. Natoa urefu wa ardhi, elfu sita na kitu. Zinabaki elfu mbili hivi. Kutoka elfu mbili bomu linachukua muda fulani kufika chini. Napita mnara wa kanisa, nahesabu, naachilia kabla ya ziwa."

Bhai aliinama karibu na skrini. "Elfu sita umetoa wapi?"

"Kwani ardhi iko wapi? Hapa tumekaa juu ya futi elfu sita!"

"Hapa Nakuru, ndiyo."

"Basi."

"Mwalimu," Bhai akasema polepole, "ile si ziwa."

"Ni nini?"

"Ni bahari. Ona, kuna meli. Na huo mnara si wa kanisa, ni wa taa ya kuongozea meli. Daraja yako iko usawa wa bahari. Hakuna cha kutoa. Elfu nane ni elfu nane."

Mwalimu aliachilia fimbo. Ndege ikaenda yenyewe. Alitazama ile rangi ya bluu, kwa macho yake yale, kwa muda mrefu.

"Bahari?"

"Chumvi tupu."

Nilidhani atalia. Mtu wa Nakuru akiona maji anaona ziwa, na akiona ardhi anadhani iko juu kama ya kwao. Maisha yake yote Mwalimu alikuwa akiwafundisha watoto kutoa zile elfu sita kwenye kila hesabu ya urefu, mpaka zikawa zinajitoa zenyewe. Kwa hivyo alikuwa juu mara nne ya alivyofikiri. Bomu lilichukua muda zaidi kuanguka, na muda wote huo halikusahau mwendo wa ndege, likaendelea mbele. Lilikuwa linafanya vile vile alivyotufundisha kwa viazi.

Hakulia. Alianza kucheka, kwanza kwa pua, halafu akainama, halafu akateleza kutoka kwa kiti akakaa sakafuni akipiga simiti kwa kiganja. "Bahari! Mimi nimeruka juu ya bahari nikidhani ni Ziwa Nakuru! Nilikuwa nawatafuta flamingo!" Bhai naye akaketi chini, kilemba kikamwenda upande, na chai nikaimwaga yote.

Kesho yake alivaa tai akaenda dukani. Wateja walikuwepo. Akasimama wima kama siku ya kufunga shule. "Niliwaita waliotengeneza gemu hii matapeli. Nafuta maneno. Fizikia yao ni safi. Mjinga ni mimi." Bhai alisimama nyuma ya kaunta akaitikia kwa niaba yao, akasema wamesamehe. Hapo Mwalimu niliyemwita mgumu alikubali kosa mbele ya watu, na sasa sijui niache ile sentensi ya juu au niifute. Naiacha. Zote mbili ni kweli.

Lakini alipopata hesabu, macho yalikuwa yameenda. Mwezi wa saba aliweza kuona dirisha, basi. Binti yake alisema aende Kabazi akae naye, na binti ana haki, mtu hawezi kuishi peke yake akipapasa jiko. Huko stima haijafika. Kompyuta inarudi kwa Bhai.

Leo baada ya mvua aliniita kutoka kwa ua. "Mama Nekesa. Una kazi?"

Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nikasema sina.

Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, sweta la kijani, mkono kwa fimbo. "Wewe uwe macho. Mimi niwe hesabu."

"Mwalimu, mimi nitaharibu."

"Unasoma tepu ya kupimia kiuno cha mtu anayecheka. Utashindwa na saa ya urefu?"

Basi nikakaa. Nilimwambia vile ndege ilivyolala, akainyoosha. Nilimsomea urefu, akapandisha mpaka elfu nane. Nilimsomea spidi. Alifunga macho, ingawa sioni kwa nini alihitaji kufunga. Midomo yake ikawa inafanya kazi.

"Mnara?"

"Uko mbele. Kushoto kidogo. Hapo. Nyooka hapo hapo."

"Kidole chako kiko kwa kitufe?"

"Kiko." Mwalimu alishaeleza kwamba safari hii tutaachilia hata kabla ya mnara.

"Daraja?"

"Naliona. Mwalimu, kuna lori."

"Juu yake?"

"Katikati."

Akageuza ndege. Niliogopa stima ipotee, maana baada ya mvua hupotea, na taa ya jirani ilikuwa inapepesa. Karibu nimwambie kwamba afadhali ningenyamaza juu ya lile lori. Nashukuru sikusema. Tulizunguka mbali, juu ya maji yote yale, nikimwambia kushoto, kulia, nyooka, mpaka mnara ukarudi mbele yetu.

"Lori?"

"Hakuna. Daraja tupu."

"Urefu?"

"Elfu nane kamili."

Akaanza kuhesabu kwa njia yake: kuku mmoja, kuku wawili, kuku watatu. Halafu, kwa sauti ya darasani, "Achilia!"

Nilibonyeza. Kile kitu cheusi kikatoka, kikaenda nasi, sambamba, ndama na mama. Nilitaka kusema kitu, lakini Mwalimu aliinua kidole ninyamaze. Alikuwa bado anahesabu kuku. Skrini haikuwa na sauti yoyote. Bomu likawa doa, doa likawa si kitu, na mimi sikuliona tena.

"Limefika," akasema Mwalimu.

Na hapo hapo, si kabla wala si baada, moshi ukapanda katikati ya chuma.

Nilipiga kelele mpaka Baba Nekesa akaruka ua na koleo mkononi akidhani kuna mwizi. Mwalimu alikuwa ametulia kabisa, uso umeinuliwa kwa dirisha.

"Daraja?"

"Limelala kwa maji, Mwalimu! Lote!"

"Maji ya nini?"

"Ya bahari."

"Andika hivyo," akasema, akaanza kucheka, "wasije wakasema ni ziwa."

Nimeandika. Tulimleta kwetu akale. Jioni hii tulikula maharagwe na viazi, na chapati mbili mbili. Maharagwe yalikuwa bado magumu kidogo, ingawa yalikaa jikoni toka mchana. Mwalimu alisema si kosa la mpishi, ni kwa sababu huku tuko juu, maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na akaongezwa sahani.